Msiilaumu Kabureta

Mtu akinunua MGB la zamani, siku litakapoanza kukohoa barabarani atakimbilia kabureta. Ziko mbili, zimekaa wazi upande wa kushoto wa injini, na kila moja ina nati chini yake inayojizungusha kirahisi. Jioni gari linakohoa zaidi, na sasa lina makosa mawili badala ya moja. Kabureta za SU haziharibiki ovyo. Mara nyingi kinacholiangusha gari hili ni umeme, na kinacholiua ni kutu.

MGB lilitengenezwa Abingdon, Oxfordshire, kuanzia 1962 hadi 1980, na zaidi ya nusu milioni yalitoka kiwandani. Ndiyo maana vipuri vyake bado vinapatikana kuliko vya magari mengi ya rika lake. Tangu 1988 hata bodi nzima mpya imekuwa ikitengenezwa Uingereza. Injini yake ya silinda nne, cc 1798, ni ya mtu mwenye gereji ya nyumbani: hakuna kompyuta wala kitu kinachohitaji mashine ya kusomea. Kinachohitajika ni spana za inchi. Spana ya 13 huonekana inaingia kwenye nati ya nusu inchi, ila inalegea kidogo, na kulegea huko ndiko kunakokula kona za nati.

Mafundi wenye uzoefu wana mpangilio mmoja: valvu kwanza, kisha moto wa plagi, kabureta mwisho. Mpangilio huo una sababu. Kabureta hurekebishwa kwa kufuata mvuto wa injini. Kama valvu hazifungi sawasawa au cheche inachelewa, mvuto wenyewe si sahihi, kwa hiyo utakuwa unapima kwa kipimo kibovu.

Valvu ziko nane, na kwa magari mengi ya mfano huu uwazi wake ni inchi 0.015, kama milimita 0.38, machache ya miaka ya mwisho yana kipimo kidogo zaidi, basi fuata kitabu cha gari lako. Kuna kanuni ya tisa inayorahisisha kazi. Valvu namba 8 ikiwa wazi kabisa, pima namba 1. Ya 6 ikiwa wazi, pima ya 3. Jumla ni tisa daima. Na ukisita kati ya kulegeza na kubana, legeza. Valvu iliyolegea kidogo inagonga na kukuudhi, lakini iliyobana haifungi vizuri, na isiyofunga huungua.

Kwenye distributa, pointi zifunguke milimita 0.35 hadi 0.40. Kisigino cha pointi husuguliwa na kamu kila mzunguko, kwa hiyo uwazi hupungua wenyewe kadiri gari linavyotembea, na cheche huanza kuchelewa. Gari linakuwa zito polepole kiasi kwamba mwenye nalo hazingatii. Halafu kuna kondensa, na hapa nina neno: kipuri kipya kisiaminiwe kwa upya wake. Kondensa na rota nyingi za siku hizi zina ubora wa kutia mashaka, na ile ya zamani uliyoitoa ikiwa bado nzima ihifadhi kwenye buti. Gari linalokwenda nusu saa, likazima, kisha likawaka baada ya kupoa, mwenyewe huapa kwamba petroli imechemka. Angalia kondensa na koili kabla ya kugusa bomba lolote la mafuta.

Ukishavuka hapo, ndipo ufungue SU, na kwa kweli ni kifaa cha kupendeza. Waliokibuni ni ndugu wa ukoo wa Skinner, watu wa biashara ya viatu, na kabureta zao za mwanzo zilitumia mivukuto ya ngozi. Baadaye ngozi ilibadilishwa na pistoni ya metali, wazo likabaki lilelile. Kabureta nyingine zina jeti kadhaa, kila moja na zamu yake. SU ina moja tu. Unapokanyaga, mvuto wa injini hunyanyua pistoni ndani ya kuba, na pistoni hiyo imebeba sindano iliyochongoka inayoingia ndani ya jeti. Pistoni ikipanda, njia ya hewa inapanuka; sindano nayo inapanda, sehemu yake nyembamba inabaki kwenye jeti, na petroli nyingi zaidi inapita. Hewa na petroli huongezeka pamoja.

Ndani ya mrija wa juu ya pistoni kuna mafuta, na wengi hudhani ni ya kulainisha. Kazi yake ni kuichelewesha pistoni isiruke ghafla, ili kwa kitambo kile kifupi cha kukanyaga, injini ipate petroli zaidi kidogo. Yakikauka, gari linasita kila unapoliondoa, na hapo ndipo nati isiyo na hatia inapoanza kuzungushwa. Jaza mafuta ya injini mepesi, SAE 20, hadi juu kidogo ya ukingo wa mrija, kisha uliendeshe kabla ya kufanya lingine lolote.

Ikibidi kurekebisha, injini iwe ya moto. Sawazisha kwanza hewa ya kabureta mbili: weka ncha ya mpira mwembamba mdomoni mwa kila moja, ncha nyingine sikioni, na milio ilingane. Kisha inua pistoni ya moja kama milimita moja. Injini ikiongeza kasi na kubaki hivyo, petroli imezidi. Ikidhoofika au kuzima, imepungua. Ikipanda kidogo halafu ikatulia, umepata. Nenda kwenye ya pili. Ukizifungua kwa usafi, usichanganye kuba ya huku na pistoni ya kule, maana kila jozi imelinganishwa peke yake. Msasa usiingie humo kabisa.

Umeme wa Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari hili, una utani wake. Waingereza humwita Lucas mwana wa mfalme wa giza. Mimi naona anaonewa. Nyaya zenyewe huwa nzima, zinazochoka ni viungio na ethi. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo mkanda wa ethi unaoiunganisha na bodi ukikatika, umeme wa stata hutafuta njia nyingine, na mara nyingi huipata kwenye waya wa choki. Waya huo ukitoa moshi wakati wa kuwasha, kosa si la choki. Pima kwa mita kati ya nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi na injini wakati stata inazunguka: ikizidi nusu volti, safisha na kaza. Rangi ni rahisi kukariri: kahawia ni moto wa moja kwa moja, nyeupe hupitia swichi, kijani hupitia swichi na fyuzi, nyeusi ni ethi. Fundi mzee wa Land Rover za zamani, awe Arusha au Nanyuki, anazijua bila kuambiwa. Atajua pia kuuliza kama ethi ni chanya, kwa kuwa MGB za kabla ya mwisho wa 1967 ziko hivyo, na alteneta ikifungwa kinyume haiponi.

Kutu ndiyo kazi kubwa. MGB halina chesi. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na nguvu yake iko kwenye sili chini ya milango, zenye tabaka kadhaa za bati. Wapo wanaochomelea bati jipya juu ya lililooza na kupaka rangi. Uingereza tangu Mei 2018 magari mengi yaliyotimiza miaka 40 hayalazimiki kukaguliwa kila mwaka, kwa hiyo mkaguzi ni wewe. Sili zikikatwa, tundu la mlango lifungwe kwanza kwa vyuma vya kukaza, la sivyo gari hupinda katikati. Kabla ya kununua, piga jeki mahali pake chini ya sili, acha gurudumu liinuke, kisha ufungue na kufunga mlango. Mlango ukigusa nguzo, rudisha ufunguo kwa mwenyewe.