Maji ya Matebe hayapotei

Watoto, tangu 2015, kule Matebe, mto Rutshuru unatoa kura, na leo inafika mpaka Goma. Namna gani? Ukuta mdogo unageuza sehemu ya maji. Yanapita katika mfereji, kisha yanashuka kwa nguvu ndani ya bomba kubwa. Chini yanagonga turbini, sawa vile gurudumu lenye mapanga. Inazunguka, inazungusha jenereta, na kura inapatikana.

Mashini hainywi maji. Yanarudi mtoni, yanateremka mpaka ziwa Edouard, pale wavuvi wa Vitshumbi wanatega nyavu.

Mwadingusha, kule Katanga, iliyojengwa kwa ajili ya migodi ya shaba, iko namna ingine: ukuta ulifunga mto Lufira, likazaliwa ziwa Tshangalele. Ziwa lile ni ghala: maji ya mvua yanangoja kiangazi.

Matebe haina ghala kubwa vile. Ghala yake ni udongo na miti ya milima. Tukikata yote kwa ajili ya makala, mvua inateremka mara moja pamoja na matope. Kiangazi mto unapungua, turbini inalegea. Mwenye kulinda mti kule juu analinda taa ya Goma na samaki wa Vitshumbi.