Vyeti vya emeli vilivyopita muda: ondoa kadena, usitupe ufunguo

Huko Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira, mashirika na kampuni hutumiana kwa emeli mambo ambayo hayafai kuonwa na kila mtu: liste za mishahara, fishi za wagonjwa, majina ya wahanga wa ubakaji. Ili kulinda siri hizo, kuna biro ambazo hufunga emeli kwa njia inayoitwa S/MIME. Njia hiyo inadai kila mtumishi awe na cheti chake. Lakini cheti kina tarehe ya mwisho, na vile vilivyokwisha muda hubaki vimejaa kwenye serveri.

Cheti ni nini hasa?

Tuchukue mfano wa kufuli, ile wengi wanaita kadena. Mtumishi anagawa kadena zake zikiwa wazi. Anayetaka kumwandikia anaweka barua ndani ya sanduku na kubana kadena. Ufunguo anabaki nao mwenye kadena peke yake. Cheti ndicho kadena: kinawekwa kwenye serveri ili wenzake wakipate. Ufunguo wa siri unabaki ndani ya kompyuta yake.

Kwa nini kusafisha?

Kwa kanuni za kimataifa za leo, cheti cha emeli kinachotolewa na kampuni zinazotambulika hakipaswi kupita siku 825, ni kusema miaka miwili na miezi mitatu hivi. Kila mara mtumishi anapopata cheti kipya, kingine kinaongezeka. Kwa biro zinazotumia Microsoft Exchange, vyeti hivyo vinakaa ndani ya Active Directory, ndiyo kitabu cha majina ya watumishi, katika nafasi inayoitwa userCertificate. Mara nyingi cha zamani hakiondoki chenyewe.

Mwenye kutuma anaweza kuzuiwa na programu kwa sababu imekuta cheti kilichokwisha. Akichoka, anatuma emeli bila kuifunga. Hapo ndipo siri inatoka.

Hatari iko wapi?

Kuondoa cheti cha zamani kwenye serveri hakuharibu emeli zilizokwisha kufika. Kinachoharibu ni kufuta ufunguo. Emeli iliyofungwa mwaka 2021 bado inadai ufunguo wa wakati ule, hata kama cheti chake kimepita muda. Ufunguo mpya hauifungui. Kama hakuna kopi, fundi hana la kufanya: emeli iko pale, lakini hakuna wa kuisoma.

Kwa hiyo kazi inafuata mpango:

1. Fundi anatoa liste ya watumishi wote, vyeti vyao na tarehe ya mwisho ya kila kimoja.
2. Anahakikisha kila ufunguo wa zamani una kopi, kwa kawaida fishie ya .pfx yenye neno la siri, iliyowekwa nje ya kompyuta ya mtumishi.
3. Anahakikisha mtumishi ana cheti kipya kinachofanya kazi.
4. Ndipo anaondoa vile vilivyokwisha kwenye serveri tu, si kwenye kompyuta ya mtumishi.
5. Anangojea kitabu cha majina kijirekebishe. Outlook kwa kawaida hukichukua upya mara moja kwa siku, kwa hiyo mtu asishangae kuona cheti cha zamani kesho yake.

Kwetu kuna jambo lingine la kuangalia: saa ya mashine. Batri ndogo ya ndani ikifa, kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka mingi. Hapo cheti kipya kinaonekana kama bado hakijaanza, na kilichokwisha kinaweza kuonekana kizima. Fundi arekebishe saa kwanza mbele ya kufuta kitu.

Na mtumishi? Anapopewa kompyuta mpya, asikubali ile ya zamani ifutwe mbele ya kuuliza swali moja: kopi ya ufunguo wangu iko wapi?