Soko la spika za magari Juba: Kipimo cha mlango ndicho kinachouza

Mfanyabiashara anayenunua spika za magari Kampala, Nairobi au Dar es Salaam kwa ajili ya soko la Juba hana nafasi ya kukosea. Kutoka Kampala hadi mji mkuu wa Sudan Kusini ni zaidi ya kilomita 600, na ni vigumu kurudisha jozi iliyogoma kuingia mlangoni kwenye duka ilikonunuliwa. Tena mtaji umetoka kwa shilingi, ilhali mauzo mengi ni kwa pauni ya Sudan Kusini, ambayo thamani yake imekuwa ikishuka. Boksi likikaa muda mrefu kwenye rafu, faida inayeyuka hata kabla mteja hajapatikana.

Wateja wapo. Katika mitaa ya makazi kama New Site, spika za kiwandani huchoka mapema kwa sababu ya joto, vumbi la kiangazi na maji ya msimu wa mvua. Mwenye gari husikia mkwaruzo, besi inapotea, kisha upande mmoja unanyamaza kabisa. Hapo ndipo anapomtafuta fundi, na fundi anamtafuta mwenye mzigo. Anayeuza haraka si lazima awe na boksi lenye picha ya kupendeza. Ni yule mwenye spika inayoingia kwenye tundu, inayotosheka na nguvu ya redio iliyopo na inayostahimili hali ya hewa ya Juba.

Tundu kwanza, jina baadaye

Magari mengi ya Juba ni Toyota zilizotumika zilizotoka Japani. Kwenye milango yake, tundu la mviringo linalokubali spika ya inchi 6.5 ni la kawaida. Spika ya duaradufu ya inchi 6 kwa 9 hukaa vizuri kwenye rafu iliyo nyuma ya kiti cha abiria katika magari ya saluni, ambako buti huwa kama boksi lake. Lakini Prado, RAV4 na Noah hazina rafu hiyo. Mfanyabiashara aliyejaza mzigo wa 6 kwa 9 peke yake atalazimika kumngoja mwenye saluni, au mteja aliye tayari kugharimia boksi la plaiwudi.

Kipimo cha pili ni kina, nacho husahauliwa zaidi. Sumaku ya spika huingia ndani ya mlango, na kioo kinaposhuka hupita nyuma yake. Fundi makini hushusha kioo hadi mwisho, kisha hupima kutoka kwenye bati la mlango hadi kwenye kioo. Spika yenye sumaku kubwa kuliko nafasi hiyo itazuia kioo kushuka au kukivunja. Mnunuzi anayekwenda Luthuli Avenue, Kariakoo au Kisekka akiwa na vipimo hivyo viwili kwenye daftari yuko mbele ya mwenzake aliyebeba jina la gari tu.

Kuna jambo dogo linaloweza kuleta faida ya ziada. Spika nyingi za kiwandani za Toyota zimeungana na fremu yake ya plastiki. Ikitolewa, tundu linalobaki ni pana kuliko spika mpya ya kawaida, na hapo inahitajika ringi ya plastiki au ya mbao kuziba tofauti. Anayeuza spika pamoja na ringi, skrubu na soketi za waya anamwokolea fundi muda, na hata nyaya za gari hazikatwi.

Wati za kwenye boksi

Maandishi ya wati 500 au 800 kwenye boksi humvutia mteja, lakini hayamwambii sauti itakuwa kubwa kiasi gani. Hicho mara nyingi ni kilele cha sekunde chache, na wakati mwingine ni tarakimu ya biashara tu. Kipimo cha maana ni nguvu ya kudumu, inayoandikwa kwa herufi RMS. Redio ya kawaida ya gari iliyoandikwa wati 50 mara 4 hutoa kwa kudumu wati 15 hadi 20 hivi kwa kila spika. Spika nzito iliyotengenezwa kwa ajili ya amplifaya, ikiunganishwa na redio hiyo, itatoa sauti hafifu, na mteja atarudi akilalamika kwamba ameuziwa bandia.

Kwa gari lisilo na amplifaya, namba ya kutafuta ni ile inayoandikwa kwa desibeli, yaani spika hutoa sauti kiasi gani kwa nguvu ndogo. Kila nyongeza ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu ya redio maradufu. Kwa hiyo spika ya desibeli 92 inayopewa wati 15 husikika sawa na spika ya desibeli 86 inayopewa wati 60. Tofauti hiyo haionekani kwenye picha, na ndiyo inayomridhisha mteja.

Ukinzani nao ni muhimu. Redio nyingi zimetengenezwa kwa spika za omu 4. Kuunganisha spika mbili za omu 4 sambamba kwenye njia moja huishusha hadi omu 2, na redio huweza kupata joto kupita kiasi na kuungua. Dukani, mita ya fundi umeme ikiguswa kwenye spika nzima ya omu 4 husoma chini kidogo ya 4. Isiposoma chochote, koili imekatika. Kisha koni hubonyezwa taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ikikwaruza, koili imepinda, na jozi hiyo hubaki dukani.

Kwa mazingira ya Juba, koni ya plastiki hustahimili unyevu wa mlangoni kuliko ya karatasi, na ukingo wa mpira hudumu kuliko wa sponji, ambao hulika na kukatika kwa joto.

Usukani kulia, barabara kulia

Sudan ilihamia upande wa kulia wa barabara mwaka 1973, na Sudan Kusini ikarithi utaratibu huo. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha kushoto. Ndiyo maana magari hubadilisha upande kati ya Elegu na Nimule, na ndiyo maana magari mengi yaliyopitia nchi hizo huingia Juba yakiwa na usukani wa kulia kwenye barabara ya kulia. Hali hii inagusa hata mahali pa kuweka spika.

Dereva wa gari hilo amekaa karibu na spika ya mlango wa kulia, na ile ya kushoto iko mbali naye. Sauti ya karibu hufika mapema na kwa nguvu, kwa hiyo muziki wote huonekana kutoka mlango mmoja. Dawa yake rahisi ni kusogeza sauti kidogo upande wa kushoto kwenye redio, na kuweka vispika vidogo vya sauti nyembamba, yaani twita, kwenye kona za dashibodi au kwenye nguzo za kioo cha mbele, vikielekezwa katikati ya gari. Sauti nyembamba husafiri kwa mstari na huzuiwa na magoti na viti. Besi haijali sana mwelekeo, hivyo inaweza kubaki chini mlangoni.

Lakini kuna mpaka. Dereva huyo yuko upande wa ukingo wa barabara, na magari yanayokuja au kumpita yapo kushoto kwake, mahali asipoona vizuri. Katika barabara ya Juba–Nimule, yenye kilomita 192 za lami zilizokamilika mwaka 2012 na malori mengi, sikio lake ni msaada wa jicho. Spika ya kushoto inayonguruma inaweza kumficha honi. Fundi mwaminifu humweleza mteja hivyo kabla ya kufunga.

Kazi nzuri pia hutegemea kuziba mianya. Sauti ya nyuma ya koni ikikutana na ya mbele, besi hufutika, kwa hiyo ukingo wa spika huzungushiwa sponji. Nailoni iliyobandikwa ndani ya mlango irudishwe mahali pake, na matundu ya chini ya kutolea maji yasizibwe. Waya chanya na hasi zisichanganywe, kwani mlango mmoja ukigeuzwa, koni moja husukuma wakati nyingine inavuta. Betri ya volti 1.5 hutosha kuhakiki: chanya kwa chanya, koni hutoka nje.

Lawama isiyo ya spika

Malalamiko mengine hayahusu spika hata kidogo. Redio za magari ya Japani zimetengenezwa kwa masafa ya FM yanayoanzia 76, na nyingi huishia 90. Eye Radio iko 98.6 na Radio Miraya iko 101, hivyo mwenye gari hawezi kuzipata hata afunge spika za bei gani. Kifaa kidogo cha kushusha masafa kinachofungwa kwenye waya wa antena, au redio mpya, ndiyo tiba. Mfanyabiashara anayebeba vifaa hivyo pamoja na spika huuza vitu viwili kwa mteja mmoja.

Mpakani, ni vizuri kujua kwamba cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Spika iliyotengenezwa Asia haigeuki kuwa ya Jumuiya kwa sababu tu imenunuliwa Kampala. Ushuru wake uingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo, na risiti ya duka ihifadhiwe hadi mzigo ufike.

Safari ya kwanza inafaa iwe ya mzigo mdogo: jozi chache za inchi 6.5 zisizo na kina kirefu, ringi zake, twita na vifaa vya masafa. Baada ya hapo, mafundi wa New Site wenyewe watasema ni tundu lipi linaulizwa zaidi, na safari ya pili itaanza na oda mkononi.