Mtoto anayehara akianza kuhema sana

Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya, maelfu ya watu walivuka mpaka wa Busia na Malaba kuingia Uganda. Wengi walipokelewa Mulanda, wilayani Tororo, kisha wakahamishiwa Kiryandongo. Mahali penye watu wengi na maji machache, kuhara hakukawii, iwe kambini au vijijini kama Kirewa. Goma mwaka 1994 karibu wakimbizi 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara.

Ndugu msomaji, kuna dalili moja inayowapoteza wazazi wengi. Mtoto ameharisha siku nzima, jioni anaanza kuhema haraka na kwa kina. Kifua hakikoromi, hana kikohozi. Mzazi anadhani ni nimonia, anatafuta dawa ya kifua na kuacha kumnywesha. Mara nyingi shida haiko kifuani, iko kwenye damu.

Mtu mzima wa kilo 70 ana maji kama lita 42 mwilini. Mtoto mchanga ana maji zaidi kwa uzito wake, karibu robo tatu, na huyapoteza upesi. Mgonjwa wa kipindupindu akizidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Maji hayo hayatoki peke yake: yanatoka na chumvi, potasiamu na bikabonati. Bikabonati ndiyo inayozuia tindikali isizidi katika damu, ambayo kipimo chake cha pH hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Ikipungua, tindikali hupanda. Mapafu hujaribu kusaidia kwa kutoa hewa chafu ya kaboni kwa wingi. Ndiyo sababu ya kule kuhema. Figo nazo zingesaidia, lakini damu inayozifikia imepungua na mkojo umekauka.

Hapo maji matupu hayatoshi, na soda ni mbaya zaidi kwa sukari yake nyingi. Pakiti ya ORS ina chumvi, glukosi, potasiamu na sitrati. Glukosi huisaidia chumvi kupenya utumbo, maji yakafuata. Sitrati hugeuzwa na mwili kuwa bikabonati. Ni unga wa bei ndogo unaofanya kazi kubwa! Changanya pakiti nzima katika lita moja ya maji safi, yaani chupa mbili za nusu lita. Usipunguze maji ili dawa "iwe kali": chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi uendelee polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Mtoto anayehema hivyo apelekwe zahanati mara moja, huku akinyweshwa njiani kama anaweza kumeza. Vivyo hivyo akilegea, macho yakiingia ndani, au ngozi ya tumbo ikifinywa ikachelewa kurudi. Huko huenda akahitaji dripu ya Ringer, ambayo pia hurudisha bikabonati. Mwambie mhudumu tangu lini anahara na mara ya mwisho alikojoa saa ngapi. Ulizia pia vidonge vya zinki, vya siku 10 hadi 14. ORS iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe.