Kelele Zitokazo Mahali Injini Inapovutia Hewa

Mtu akisikia ngurumo ya injini kubwa ya kufanyiza umeme, kitu cha kwanza anacholaumu ni bomba la moshi. Mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Lakini hata bomba hilo likitiwa sailensa iliyo njema kabisa, huenda kelele zikaendelea, tena kelele nyembamba kama filimbi, zenye kuchoma masikio kuliko ngurumo. Hizo hutoka upande mwingine, yaani mahali injini inapovutia hewa.

Injini yo yote ichomayo mafuta haina budi kuvuta pumzi. Ili kilo moja ya dizeli iungue, zatakiwa kilo 14 za hewa na zaidi. Turbini ya gesi huvuta mara tatu ya kiasi hicho au kupita, kwa kuwa hewa ya ziada hupoza joto lake. Hewa yote hiyo hushindiliwa na magurudumu yenye mapanga, na kila panga lipitapo huipiga hewa pigo moja. Katika Kenya, turbini kubwa iliyoungwa moja kwa moja na jenereta yake huzunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde. Gurudumu likiwa na mapanga 20, hewa hupigwa mara 1,000 kila sekunde, na mlio huo sikio la mwanadamu hulisikia wazi sana.

Labda msomaji atauliza, kelele zitatokaje mahali ambapo hewa inaingia? Hewa katika njia hiyo huenda, tuseme, mita 20 kwa sekunde; sauti huenda mita 340 hivi. Basi sauti hushinda mkondo na kutoka nje bila taabu.

Kuziba mdomo huo haiwezekani, maana injini itazimika. Kwa hiyo mafundi husimamisha ndani ya njia ya hewa kuta nyembamba zilizopangwa sambamba kama vitabu katika rafu, zenye nafasi baina yake. Kila ukuta umejazwa nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa, na kufunikwa kwa bati lenye matundu madogo. Sauti huingia katika matundu, ikasuguana na nyuzi, nguvu yake ikageuka joto kidogo mno lisilohisiwa. Dawa hii huzifaa sana sauti nyembamba, ambazo mawimbi yake ni mafupi: mlio wa mapigo 1,000 una wimbi la sentimita 34 tu. Sauti nzito ya mapigo 50 ina wimbi la karibu mita 7, nayo hupita kana kwamba nyuzi hazipo. Hiyo hutengenezewa chumba chenye shingo, kando ya njia. Apulizaye juu ya mdomo wa chupa tupu hutambua kwamba chupa ina sauti yake moja. Chumba hicho, kikipimwa vema, huimeza sauti yake na kuziacha nyingine. Hermann von Helmholtz wa Ujerumani, aliyefariki mwaka 1894, ndiye aliyelichunguza jambo hili, na chumba hicho huitwa kwa jina lake.

Kuta zikisongamana mno, hewa hupita kwa shida, na injini hupungukiwa nguvu na kula mafuta zaidi. Ndiyo sababu msimamizi mwenye kubana matumizi huona heri kuziondoa baadhi. Faida huionea katika hesabu yake. Hasara huwapata wafanyakazi na majirani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2005 yakataza mfanyakazi kukaa penye kelele ipitayo desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika saa 24. Tena desibeli hazihesabiwi kama shilingi: zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imezidi mara kumi. Usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi. Hupotea kwanza katika sauti nyembamba, hata mtu hujiona mzima mpaka siku anaposhindwa kufahamu maneno ya mtoto wake.

Kuta zenyewe zataka kukaguliwa, kwa maana kipande cha bati kilicholegea kikivutwa ndani chaweza kuvunja mapanga. Na mlango mdogo wa kukagulia ukiachwa wazi baada ya kazi, kelele zitatokea hapo hapo, bila kupita katika kuta hata moja.