Beseni la Maji Baridi Halifaulishi Mtihani

Mtihani wa kidato cha sita ukikaribia, wataalamu wa usingizi na kumbukumbu huulizwa swali lilelile: mtahiniwa aloweke miguu kwenye maji baridi kwa dakika ngapi ili asome mpaka alfajiri? Jibu ni sifuri. Anayeuliza hivyo ameshakubali kwamba kukesha ni maandalizi, na kosa linaanzia hapo.

Beseni huwekwa chini ya meza, maji yakafika vifundoni. Baridi hushtua kweli: moyo hudunda, adrenalini hupanda, macho hufumbuka. Lakini ngozi huzoea upesi, na kichwa huanza tena kuinamia daftari, kwa sababu chanzo cha usingizi hakijaguswa. Mtu anapokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni, na cha kuiondoa ni kulala. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu huizuia tu isihisiwe kwa muda.

Tena beseni linaweza kuharibu hata usingizi uliobaki. Mwaka 1999 watafiti wa Basel, Uswisi, walionyesha kwamba mishipa ya damu ya mikono na miguu ikitanuka na kupata joto, mtu husinzia haraka. Maji baridi huibana mishipa hiyo.

Hasara kubwa huonekana asubuhi. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid, watafiti wa Australia, walipima utendaji wa watu waliokesha. Baada ya saa 24 hivi bila kulala, walifanya vibaya sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.10 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza dereva kushika usukani. Mwanafunzi aliyeamka saa 12 asubuhi, akakesha, akaingia kwenye mtihani saa 2 asubuhi, amepita hapo. Na yale aliyosoma usiku kucha? Kumbukumbu huimarika mtu akiwa amelala, na yeye hakulala. Mzazi anayemsifu mtoto kwa kukesha anamsifia hasara.

Cha kufanya ni kifupi. Mada mpya ziachwe. Ichukuliwe mitihani ya miaka iliyopita, daftari lifungwe, maswali yajibiwe kwa kufuata saa, kisha makosa yasahihishwe. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka zaidi kuliko waliorudia kusoma tu. Kahawa iishie mchana. Anayependa kusoma alfajiri atangulie kulala mapema. Chakula kiwe kilekile cha kila siku. Ratiba, namba ya mtihani na kalamu za akiba viandaliwe jioni, simu ibaki nje ya chumba cha mtihani. Kijana wa umri huu anahitaji saa 8 hivi za usingizi, kwa hiyo walezi wa mabweni wazime taa saa 4 usiku na mabeseni wayarudishe bafuni.