Kukariri sala: Faida yake kwa moyo, na pale inapokoma

Tumchukulie mama mmoja mkulima wa majani chai huko Nyamira. Hana homa, hakohoi, wala hana jeraha lolote. Lakini usingizi umemhama. Usiku kucha yumo katika kuhesabu: karo ya muhula ujao, deni la mbolea, bonasi iliyokuja kidogo kuliko alivyotarajia, na ugomvi wa mpaka wa shamba baina ya mumewe na shemeji yake. Kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, chakula hakina ladha. Kwenye duka la dawa anauziwa vidonge vya maumivu. Jirani naye anamwuliza kwa sauti ya chini, "Mama, una hakika hapa hakuna mkono wa mtu?"

Wasomaji wengi wa Kisii na Nyamira watamtambua mama huyu, na huenda baadhi yao wakajitambua wenyewe. Twasema ana "mawazo", kisha twaliacha neno hilo hapo, kana kwamba mawazo si jambo la kuhangaikiwa na daktari. Kumbe mwili haujui tofauti kati ya hofu ya simba na hofu ya karo. Yote mawili huufanya umwage adrenalini na kotisoli katika damu, moyo ukapiga kwa kasi, misuli ya shingo na mabega ikakaza, na tumbo likaacha kusaga chakula sawasawa. Simba akiondoka, mwili hutulia. Karo haiondoki.

Maumivu ya kichwa, tuseme hapa kidogo, hayakuwa jambo la kupuuzwa katika Gusii. Wazee walikuwa na mganga wao, omobari, aliyefungua fuvu la mtu mwenye maumivu yasiyokwisha, hasa baada ya kugongwa kichwani, na wengi waliofanyiwa hivyo waliishi. Madaktari wa kizungu waliouona upasuaji huo walistaajabu, wakauandika katika majarida yao. Lakini kichwa kinachouma kwa sababu ya mawazo hakifunguliwi kwa kisu.

Je, kuna njia gani nyingine? Leo tutaitazama moja ambayo imetoka mbali, kwa Wabuddha: kukariri maneno machache matakatifu, kwa sauti, asubuhi na jioni, kwa nia ya kujibadilisha nafsi.

Msomaji ana haki ya kuuliza, Ubuddha na Gusii wapi na wapi? Hii ni nchi ya Waadventista na Wakatoliki. Nyanchwa na Nyabururu zilikuwa vituo vya wamishonari wa madhehebu hayo zaidi ya karne moja iliyopita. Hata hivyo, Ubuddha si mgeni kabisa Afrika Mashariki. Dar es Salaam lipo hekalu lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka mapema katika karne ya 20. Uganda, mtawa mwenyeji wa nchi hiyo, Bhante Buddharakkhita, alianzisha Kituo cha Wabuddha karibu na Entebbe mwaka 2005. Na hapa Kenya wako wafuasi wa Soka Gakkai, jumuiya iliyoanzia Japani mwaka 1930, na hao ndio wanaojulikana zaidi kwa kukariri.

Mafundisho yao yanatokana na mtawa Mjapani aitwaye Nichiren, aliyeishi kati ya mwaka 1222 na 1282. Mwaka 1253 alianza kuwafundisha watu wakariri maneno haya: Nam-myoho-renge-kyo. Kwa ufupi, maana yake ni kujitoa kwa sheria ya ajabu inayoelezwa katika kitabu kitakatifu chenye jina la ua la yungiyungi. Ua hilo halikuteuliwa ovyo. Yungiyungi la Asia huota katika matope, nalo huchanua likiwa safi. Mfuasi huambiwa asingoje matope yakauke ndipo achanue.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mwalimu Tsunesaburo Makiguchi, aliyeanzisha jumuiya hiyo, alifungwa na serikali ya Japani wakati wa Vita Vikuu vya Pili kwa kukataa kuifuata dini iliyoamriwa na dola, naye alifia gerezani mwaka 1944. Mwenzake Josei Toda alitoka hai mwaka 1945 akiwa na fundisho aliloliita mapinduzi ya binadamu: kwamba mtu akibadilika ndani, nyumba yake hubadilika, kisha majirani, kisha jamii. Daisaku Ikeda, aliyefariki mwaka 2023, ndiye aliyelieneza fundisho hilo duniani. Profesa wetu Wangari Maathai alikutana naye Tokyo mwaka 2005.

Hayo ni ya imani, na kila mtu na yake. Ukurasa huu ni wa afya, kwa hiyo swali letu ni hili: mwilini hutokea nini mtu anapokariri?

Jibu moja zuri lilitoka Italia. Mwaka 2001 Daktari Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza utafiti uliofanywa kwa watu wazima 23 wenye afya njema. Watu hao walisali rozari kwa Kilatini, kisha wakakariri maneno ya Wabuddha wa Tibet, om mani padme hum. Watafiti walipima pumzi zao, mapigo ya moyo na mwendo wa damu. Ikaonekana kwamba sala zote mbili, ya Mkatoliki na ya Mbuddha, zilipunguza pumzi hadi kufikia takribani 6 kwa dakika. Mtu mzima aliyekaa kitako huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika.

Kwa nini 6? Kwa sababu ukisema maneno ya urefu ule bila kukatiza, pumzi hutoka polepole kwa sekunde kadhaa, nawe huna budi kuivuta tena kwa kina. Mzunguko mmoja huchukua sekunde 10 hivi. Na huo ndio mwendo ambao moyo na mishipa hufuatana nao vizuri. Ndani ya mishipa mikubwa ya shingo na kifua mna vipimo vya shinikizo la damu vinavyoupasha ubongo habari, na ubongo huupunguza au kuuongeza mwendo wa moyo kupitia neva iitwayo vagasi. Pumzi ikienda taratibu, mawasiliano hayo huimarika. Moyo hutulia pumzi inapotoka. Ndiyo maana mtu aliyeshtuka huambiwa, "Hebu shusha pumzi."

Tusizidishe chumvi lakini. Watu 23 ni wachache, walikuwa wazima, na walipimwa kwa muda mfupi. Utafiti ule haukusema kwamba rozari huponya shinikizo la damu, wala hausemi dini ipi ni ya kweli. Ulionyesha tu kwamba mwili huitikia mwendo wa maneno. Yule mama anayesali rozari Nyabururu mwezi wa Oktoba, Mwislamu anayevuta tasbihi yake baada ya sala, na Mbuddha wa Tokyo, vifua vyao huenda vikawa vinapanda na kushuka kwa kipimo kinachokaribiana.

Jambo la pili linahusu mawazo yenyewe. Wataalamu wa akili huyafananisha mawazo ya kujirudia na kucheua. Ng'ombe akicheua twapata maziwa. Mtu akicheua huzuni hapati ila huzuni nyingine. Akili haiwezi kuambiwa "usifikiri" ikatii, lakini yaweza kupewa kitu kingine cha kushika. Maneno machache yanayorudiwa humpa mtu kijiti cha kushikilia. Wazo la deni likija, analiona, analiacha lipite, anarudi kwenye maneno. Baada ya majuma kadhaa hujifunza kwamba wazo ni wazo tu, si amri. Wataalamu wa saikolojia waliutoa ustadi huo wa Wabuddha katika dini, wakautengenezea mafunzo ya majuma 8, na tangu mwaka 2004 mwongozo wa tiba wa Uingereza umeyapendekeza kwa watu waliokwisha kuugua sonona mara kadhaa, ili isiwarudie.

Na hapa kwetu? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalitokana na wanawake 421 wa viungani mwa Nairobi, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Baadhi yao walikutana mara 5 na wahudumu wa afya wa mtaani ambao hawakuwa madaktari wa akili, wakafuata mpango wa Shirika la Afya Duniani. Walifundishwa kupumua polepole, kulichambua tatizo moja linaloweza kutatuliwa, kurudia shughuli walizokuwa wameziacha, na kutafuta watu wa kuwaegemea. Dhiki yao ilipungua kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Angalia kwamba pumzi ilikuwa mlango tu. Baada yake palikuwa na kazi ya kufanywa.

Kwa maoni ya mwandishi, hapo ndipo fundisho la kujibadilisha ndani hueleweka vizuri au huharibika. Likieleweka vizuri, humtoa mtu katika kungoja. Mama yetu wa Nyamira hawezi kuipandisha bei ya majani chai wala kuongeza ardhi. Kaunti ya Kisii peke yake ilikuwa na watu 1,266,860 katika sensa ya 2019, zaidi ya 900 katika kila kilomita mraba, na mipaka ya mashamba haitaacha kugombewa kesho. Lakini akipata usingizi wa saa 6 na kichwa kikatulia, huenda akamwendea shemeji yake wakaketi na wazee, badala ya kumpita njiani bila salamu kwa mwaka wa tatu.

Likiharibika, huwa ni fimbo ya kumpigia mnyonge. Mke anayepigwa huambiwa asali zaidi, abadilike yeye, avumilie. Hilo si badiliko la ndani. Anayepigwa anahitaji usalama kwanza, na pumzi zake atazihesabu akiwa mahali salama.

Kuna hatari nyingine inayotuhusu zaidi sisi wa milima hii. Mtu anapoanza kusikia sauti, kujitenga au kusema ovyo, swali la jirani kuhusu "mkono wa mtu" hugeuka upesi kuwa jina la bibi kizee fulani. Mei 2008 watu 11 walioshukiwa uchawi waliuawa kwa kuchomwa moto katika eneo la Kisii. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa vivyo hivyo huko Marani. Kila ugonjwa wa akili unaopewa jina la uchawi ni mgonjwa anayekosa dawa, na ni mzee anayelala akihofia mlango wake. Fundisho linalomwambia mtu aanze kwa kuichungulia nafsi yake, lije kutoka Japani au kwenye mimbari ya Nyanchwa, lina kazi kubwa ya kufanya hapa.

Anayetaka kujaribu hahitaji kubadili dini wala kununua kitu. Chagua maneno ya imani yako unayoyapenda, yawe mafupi: mstari wa zaburi, jina la Mungu, hata kiitikio cha wimbo wa kanisani. Keti wima, miguu chini, mabega yakiwa yamelegea. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, kisha sema maneno yako kwa sauti ya chini, polepole, pumzi ikitoka kwa hesabu ya 6 hivi. Rudia kwa dakika 10, asubuhi kabla ya kukama ng'ombe na jioni kabla ya kulala. Usiyalazimishe mawazo yaondoke. Ukisikia kizunguzungu, simama na upumue kama kawaida. Ni ishara kwamba unavuta kwa nguvu mno. Siku za kwanza utachoka na kujiona mjinga, nalo si la ajabu. Ukiweza, mfanye wawili au watatu pamoja, kwani anayefanya peke yake huacha mapema.

Usiache dawa. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au kifafa aendelee na vidonge vyake kama alivyoagizwa, hata akijisikia mwepesi kama unyoya. Na kwa wengine kukariri si mahali pa kuanzia kabisa. Anayesikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, asiyelala siku kadhaa huku akizungumza bila kukoma, au ambaye kila akifumba macho mambo ya kutisha yaliyompata humrudia, huenda kukaa kimya kukamzidishia. Huyo aonwe na daktari kwanza.

Vivyo hivyo kwa mtu ambaye huzuni imemkalia zaidi ya majuma mawili, hali vizuri, hafanyi kazi, au ameanza kusema kwamba afadhali asingekuwapo. Asiachwe peke yake, na dawa za shambani za kunyunyizia mimea ziondolewe nyumbani. Wengi waliogopa kumpeleka hospitali mtu aliyejaribu kujiua kwa sababu sheria ilimhesabu kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, nambari 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinakwenda kinyume cha Katiba. Anayempeleka mgonjwa wa namna hiyo aeleze ukweli wote kwa mhudumu, iwe ni kwenye zahanati ya karibu, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira au ile ya rufaa ya Kisii: alianza lini, analala saa ngapi, anakula nini, amesema nini. Kama amekuwa akisali au kukariri, aelezee hilo pia, na asione haya.